Vyombo Vilivyohesabiwa

(Mazungumzo ya asubuhi katika redio. Masomo: Ezra 1:7–11, 2 Wafalme 18:1–4, Kutoka 35:30–35)

Ninyi mnaojitayarisha kwenda shambani, ninyi mnaongoja matatu, na akina mama mlio jikoni mkikoroga uji, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka tuzungumze juu ya swali lililoulizwa katika baraza la kanisa letu hapa Kakamega. Vijana pamoja na akina mama walikuwa wameomba tukodi basi, twende Kisumu kulitembelea jumba la makumbusho. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, akasimama akasema: "Mchungaji, wazazi wetu walitoka katika mambo yale wakaja kwa Yesu. Je, leo kanisa litakodi basi na kulipa kiingilio ili twende kuyatazama tena?"

Baraza lilinyamaza. Wako vijana waliotaka kucheka, lakini swali hilo si la kuchekwa, na mwenye kuliuliza alikuwa na haki ya kuliuliza. Babake alikuwa mganga. Mzee huyu alipokuwa kijana alilala katika nyumba yenye pembe na vibuyu vilivyoning'inizwa darini, na anajua maana ya mtoto kuogopa kwenda haja usiku. Siku babake alipokubali kubatizwa, ni yeye aliyetumwa kuingia ndani na kuvitoa vitu vile. Alivirundika uani, akavitia moto, huku wakristo wakiimba. Amenisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara sauti yake hubadilika. Mtu wa namna hiyo akisema jambo juu ya vitu vya kale, wewe uliyezaliwa juzi nyamaza kwanza umsikilize.

Basi, baada ya maneno mengi, baraza lilikubali safari iende. Mzee naye akasema atakuja, akaone kwa macho yake mwenyewe.

Kutoka Kakamega hadi Kisumu ni kama kilomita 50. Tulipita Khayega, Chavakali, Mbale, Majengo na Kiboswa, kisha barabara ikateremka na ziwa likaonekana. Wengi wenu mnaijua njia hiyo kwa sababu ya hospitali au biashara. Kisumu imekuwa jiji tangu mwaka 2001, lakini jumba lake la makumbusho ni la zamani kuliko cheo hicho. Lilifunguliwa mwaka 1980, nalo liko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kando ya barabara iendayo Nairobi. (Ninyi mnaonisikiliza kule Lugari na Likuyani, kwenu Kitale ni karibu zaidi. Makumbusho ya Kitale yalifunguliwa mwaka 1974, na asili yake ni mkusanyo ulioanzishwa na Mwingereza mmoja, Stoneham, mwaka 1926.)

Mtu akisikia habari za jumba la sanaa hufikiri ataona picha za rangi zilizotundikwa ukutani. Kijana mmoja wetu alisikitika alipoingia. "Mchungaji," akasema, "hapa ni vyungu tu." Ni kweli, ni vyungu. Ni vyungu, vikapu, viti vya miguu mitatu vilivyochongwa katika gogo moja, mitego ya samaki, ngao, mapambo ya shanga, nyatiti na ngoma: kazi ya mikono ya watu wa Nyanza, na ya jirani zao wa Magharibi na Bonde la Ufa. Katikati yupo simba aliyekaushwa akimrukia nyumbu, na watoto wetu walimzunguka kwa hofu kana kwamba angeweza kugeuka. Nje upo mji wa Kijaluo uliojengwa kama ilivyokuwa desturi, wenye nyumba za wake, ghala, zizi, na nyumba ya mwana mkubwa. Lakini nilimwambia yule kijana akae mbele ya chungu kimoja kwa dakika tano bila kusema. Naomba ninyi nanyi mjaribu siku mtakapokwenda. Utaanza kuona kwamba shingo yake imepimwa kwa jicho tu, wala haikupinda. Utaona michoro midogo inayozunguka bega, safu kwa safu, iliyopigwa kwa kamba ya nyasi zilizosokotwa, mfinyanzi akiiviringisha juu ya udongo ulio mbichi. Yule mama hakuwa na gurudumu, wala rula. Na hakuna aliyemlazimu kuweka michoro. Maji yangekaa ndani ya chungu kisicho na michoro vile vile.

Mbele ya chungu kimoja kikubwa tulimkuta kikongwe mmoja wa kanisa letu amesimama peke yake. Watoto wote humwita Kukhu, jinsi tunavyomwita bibi kwa Kiluhya, nami nitamwita hivyo. Mwelekezi wa wageni, msichana mwenye adabu sana, alifika akaanza kutueleza kwamba chungu cha aina hii kilitumiwa kuwekea pombe ya nafaka, wazee wakikaa kukizunguka na mirija mirefu. Kukhu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, umesema vema. Lakini hukuwaambia jinsi kinavyotengenezwa."

Akaanza kueleza. Alisema udongo wa mahali pamoja hautoshi, kwa maana mmoja una nguvu na mwingine unanyumbuka, na ni lazima viwili hivi vioane. Alisema unachukua vigae vya vyungu vilivyovunjika, unavisaga, unavichanganya na udongo mpya ili chungu kisipasuke motoni. (Hapo nilikumbuka wahenga waliosema kwamba mfinyanzi hulia gaeni, kumbe gae lenyewe nalo lina kazi.) Alisema chungu hukaushwa kivulini siku nyingi, na mwenye haraka hulipwa kwa mlio wa kupasuka. Huku akisema, mikono yake ilikuwa ikizunguka hewani, kidole gumba ndani na vidole vinne nje, kana kwamba udongo upo. Watu wasiotufahamu walikusanyika. Msichana yule alitoa daftari, akaandika.

Mimi nikamwuliza, "Kukhu, miaka hii yote sikujua wewe ni mfinyanzi. Uliacha lini?"

Akajibu, "Nilipookoka, Mchungaji. Mitungi mikubwa ndiyo iliyokuwa na bei, na wenye kuinunua walikuwa wapika busaa. Niliambiwa, huwezi kumtumikia Yesu na huku unawafinyangia walevi. Nikaona ni kweli, nikaacha." Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Lakini hakuna aliyeniambia nifinyange ya maji."

Ndugu msikilizaji, nilitafuta neno la kumjibu nikalikosa pale pale. Ndiyo sababu nimeleta jambo hili katika mazungumzo ya leo.

Tulipotoka nje watoto walikuwa wamekwisha kukimbilia kwa nyoka. Jumba la Kisumu hufuga nyoka, na hakuna kitu kinachopendwa na watoto kuliko kumtazama swila akiwa mahali asipoweza kumfikia mtu. Mzee wetu alikuwa pale, akishika ukingo. Nikasimama karibu naye, na nyoka wale wakanikumbusha somo letu moja la leo.

Mnakumbuka kwamba Waisraeli walipoumwa na nyoka jangwani, Musa alitengeneza nyoka wa shaba kwa amri ya Mungu, na kila aliyemtazama alipona. Kile kilikuwa chombo kitakatifu. Kilitengenezwa na nabii, kikaponya watu. Lakini miaka mingi baadaye, katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 18, tunaambiwa kwamba mfalme Hezekia alikivunja vipande vipande. Kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wamekifukizia uvumba. Kitu kile kile, shaba ile ile, lakini moyo wa watu ulikuwa umehama. Na Biblia haimlaumu Hezekia hata kidogo, inamsifu.

Kwa hiyo sitawalaumu wazazi wetu waliochoma. Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, na baada yao misheni nyingine zikaenea katika nchi yetu. Watu waliosikia Injili siku zile hawakuwa wajinga waliodanganywa na wageni, kama wasemavyo wasomi wengine siku hizi. Walijua vizuri kuliko sisi ni pembe ipi iliyotiwa nini, na kwa ajili ya nani. Waliposema, "Hiki kinatufunga," walikuwa wakisema habari za maisha yao. Hata kule Efeso, katika Matendo ya Mitume sura ya 19, waliokuwa wachawi walileta vitabu vyao wenyewe wakavichoma mbele ya watu wote. Hawakusukumwa. Walikuwa wamechoka kuogopa.

Mzee alinisikiliza nikisema hayo kando ya nyoka, akatikisa kichwa akikubali. Kisha akaniambia neno ambalo sikulitazamia. "Mchungaji, kule ndani umekiona kile kiti kidogo cha miguu mitatu? Baba alikuwa nacho kama kile. Babu yangu ndiye aliyekichonga. Siku ile nilikitupa motoni pamoja na vile vingine, kwa sababu nilikuwa nabeba tu, sikuchagua. Kiti kile hakikuwa na kosa. Kilikuwa cha kukalia."

Sasa fungueni pamoja nami Ezra, sura ya kwanza. Hili ndilo somo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia likihubiriwa, maana ni orodha, na sisi wahubiri huziruka orodha.

Nebukadreza alipouteka Yerusalemu alivichukua vyombo vya nyumba ya Bwana, akavipeleka Babeli na kuviweka katika nyumba ya miungu yake. Nyumba ya miungu yake! Huko vilikaa miaka mingi. Na katika kitabu cha Danieli, sura ya 5, tunasoma jinsi mfalme Belshaza alivyofanya karamu, akaagiza vyombo vile viletwe, naye na wakuu wake na wanawake wake wakanywea pombe huku wakiisifu miungu ya dhahabu na ya miti. Tafadhali fikiri kidogo. Kama ungekuwa Myahudi mcha Mungu, ukasikia kwamba kikombe cha hekalu kimepakwa mate ya walevi katika karamu ya sanamu, ungesema nini? Mimi nadhani ningesema, "Kikombe hicho kimekwisha. Kisirudi tena."

Lakini Koreshi alipowaruhusu Wayahudi kurudi kwao, alivitoa vyombo vile. Mithredathi, mtunza hazina, akavihesabu mbele ya Sheshbaza, mkuu wa Yuda. Havikurundikwa katika gunia. Vilihesabiwa: sinia za dhahabu 30, sinia za fedha 1,000, visu 29, mabakuli ya dhahabu 30, mabakuli ya fedha 410, na vyombo vingine 1,000. Mwisho mwandishi anasema jumla yake ilikuwa 5,400. Ninyi walimu wa hesabu mtasema kwamba ukizijumlisha zile alizozitaja hazifiki huko, zinafika 2,499 tu. Ni kweli. Bila shaka vilikuwapo vingine ambavyo hakuviandika kimoja kimoja. Lakini vyote vilipanda kutoka Babeli hadi Yerusalemu, vikarudi katika kazi yake.

Hakuna aliyesema viyeyushwe kwa sababu Belshaza alivinywea. Belshaza aliingia katika hukumu ya Mungu usiku ule ule wa karamu, kikombe hakikuingia. Yule aliyekitia unajisi ndiye aliyepimwa na kuonekana amepungua.

Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpelekea Kukhu. Nyoka wa shaba alivunjwa kwa sababu watu walikuwa wakimwabudu wakati ule ule, na hawakutaka kuacha. Bakuli la hekalu lilirudishwa kwa sababu kosa lilikuwa la mnywaji. Mkristo akisimama mbele ya kitu cha babu zake, katika kabati la kioo au katika pembe ya nyumba yake, haitoshi kuuliza, "Je, ni cha zamani?" Aulize kama moyo wake unakisujudia, au kama ni mtu fulani aliyekitumia vibaya. Majibu hayafanani. Na jibu la pembe iliyokuwa darini kwa yule mzee silo jibu la kiti.

Nirudi kidogo kwenye habari ya kuhesabu, kwa kuwa jambo hili linatuhusu katika nchi yetu. Miaka ya karibuni wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, pamoja na wenzao wa nje na wasanii wa Nairobi, walifanya kazi kama ile ya Mithredathi. Waliandika orodha ya vitu vya Kenya vilivyomo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, wakapata zaidi ya 32,000. Mwaka 2021 walifanya maonyesho Nairobi, na makabati mengine ya kioo waliyaacha matupu, ili mtu aone ukosefu wenyewe. Baadhi ya vitu hivyo vilinunuliwa kwa haki. Vingine vilichukuliwa kwa nguvu. Jirani zetu Wanandi wanajua. Koitalel Samoei aliuawa mwaka 1905, na fimbo zake tatu za uongozi zikapelekwa Uingereza. Zilirudi mwaka 2006, baada ya miaka zaidi ya mia moja. Sisemi kwamba fimbo ya kiongozi wa Wanandi ni sawa na sinia ya hekalu. Nasema kwamba watu walilia zilipotoka, na kuna watu waliolia ziliporudi, na Mungu anayeandika sinia na visu katika kitabu chake hashangazwi na machozi ya namna hiyo.

Lakini mimi naogopa kwamba tunaweza kudai vya Ulaya huku vya hapa nyumbani vikipotea bila mtu kuvichukua. Chukueni isukuti. Ni ngoma yetu sisi watu wa Isukha na Idakho. Kila mtu wa Kakamega akiisikia miguu yake huijua kabla ya masikio. Wamisionari wengi wa kwanza hawakutaka ngoma kanisani, na sababu walikuwa nazo. Hata hivyo, mwaka 1942 Zakayo Kivuli alipoanzisha kanisa la African Israel Nineveh, watu wake walitembea barabarani wakimsifu Mungu kwa ngoma, na leo sijui ni makanisa mangapi hapa kwetu yasiyokuwa na ngoma karibu na mimbari. Ngoma ilipata kazi nyingine. Lakini mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa upesi, kwa maana wazee wanaoijua vizuri wanakwisha na vijana hawaishiki. Je, ni nani aliyeiiba? Hakuna. Ilikuwa hapa hapa, ikakosa mwanafunzi.

Ndiyo maana katika somo letu la tatu nawaomba msiishie pale wahubiri wengi wanapoishia. Kutoka sura ya 35 yatuambia kwamba Mungu alimwita Bezaleli kwa jina lake, akamjaza roho yake, apate hekima katika kazi ya dhahabu, ya shaba, ya mawe na ya miti. Hilo tunalijua. Mstari wa 34 unaongeza jambo: Mungu alitia pia moyoni mwake kufundisha, yeye na Oholiabu. Mtu anaweza kuwa fundi wa ajabu, akafa na ufundi wake, nasi tukamzika kwa heshima kubwa na hotuba ndefu. Kipawa cha Bezaleli kilikuwa na mkono wa pili, ulionyoshwa kwa mwanafunzi.

Jioni tulipanda basi kurudi. Nilikaa na Kukhu, nikamweleza habari za Belshaza na mabakuli. Alisikiliza, kisha akaniuliza swali moja tu: "Yale mabakuli yalipofika Yerusalemu, yalioshwa?" Nikasema Maandiko hayakutaja, lakini nadhani makuhani waliyatakasa. Akasema, "Lazima waliosha."

Tulipopita Khayega alimwomba dereva asimame Ilesi. Mnapajua Ilesi, karibu na lile jiwe kubwa liitwalo Jiwe Linalolia. Kando ya barabara pale akina mama huuza vyungu, na asubuhi tulipokuwa tukienda Kisumu kutazama vyungu tulivipita vyote bila hata mmoja wetu kugeuza shingo. Kukhu alishuka polepole. Akainama mbele ya chungu kimoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Akagonga kingine. Akamwambia mama kijana aliyekuwa akiuza, "Hiki kimepikwa vizuri, mwanangu. Hiki ulikiharakisha." Yule mama kijana angeweza kukasirika, lakini alicheka akasema, "Ni kweli, Kukhu, mvua ilikuwa inakuja." Wakaketi. Basi lilingoja kwa muda ambao dereva hakuupenda, na vijana wetu wawili, wasichana, walishuka wakaketi nao. Kukhu aliporudi alikuwa amebeba bonge la udongo limefungwa kwa jani la mgomba, akalipakata mpaka nyumbani kwake.

Mikono yake inatetemeka sasa. Chungu cha kwanza kilipasuka, cha pili kikasimama. Wasichana wale wawili huenda kwake Jumamosi mchana, na siku hizi wako wanne. Mzee wetu naye hajaniambia kama ameridhika na safari ile, wala mimi sijamwuliza. Nimesikia tu kwamba amemwuliza fundi wa mbao kuhusu gogo.

Kabla sijamaliza, nina neno kwa msikilizaji mmoja. Sikujui jina. Wewe ulikuwa wa nyumba ya Bwana. Labda uliimba katika kwaya, labda mamako alikuombea tangu tumboni. Kisha ulichukuliwa mbali, na Belshaza amekutumia katika karamu zake, kwa chang'aa, au kwa mambo mengine ambayo hayafai kutajwa asubuhi mbele ya watoto. Unasikia mahubiri haya kwa sababu redio imewashwa na mtu mwingine, nawe umelala ukisema moyoni kwamba chombo kilichofika mahali ulipofika hakirudi. Ndugu yangu, dada yangu, jina lako liko katika orodha, hata kama ni katika zile 2,901 ambazo mwandishi hakuzitaja moja moja. Mlango wa kanisa lililo karibu nawe uko wazi Jumapili. Kama huwezi kungoja Jumapili, mwambie yule aliyeiwasha redio.

Na tuombe. Baba yetu, tunakuomba kwa ajili ya akina mama wa Ilesi, mvua isiwakute kabla vyungu havijakauka. Ukumbuke mikono ya Kukhu. Umkumbuke mzee wetu na kiti cha babake. Na yule ambaye hajaamka bado, Bwana, umwite kwa jina lake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.